Zamu ya Watu Wawili

Vumbi la Kasigau ni jekundu, na jua likilala nyuma ya mlima, vumbi hilo huwaka. Huwaka juu ya mahindi, juu ya mabati, juu ya kope za watoto. Nzioka alilelewa na vumbi hilo. Tembo wakishapita shambani, ndilo linalobaki kuvunwa.

Kule kwao zamu ya kulinda shamba ni ya watu wawili: mmoja apige debe, mwingine ashike mwenge wa moto. Mtu hasimami peke yake. Hata mtoto anayetambaa analijua hilo.

Nzioka naye alilijua. Alilijua siku ile kocha alipokuja Voi kuchagua vijana wa mpira wa kikapu, na zamu ilikuwa yake na dada yake, Nzembi.

"Nenda," Nzembi alimwambia. "Lakini jua likiinama, nikuone hapa. Mimi sina mikono minne."

Alikwenda. Uwanja wa saruji, ringi isiyo na wavu, mpira uliochunika ngozi. Akaruka, akaruka, utadhani ardhi inamfukuza. Akachaguliwa. Vijana wakambeba mabegani, wakamnunulia soda, na jua likainama Voi kama lilivyoinama Kasigau. Aliliona. Aliliona, akaomba soda nyingine.

Jioni hiyo Nzembi alipiga debe peke yake. Tembo hawakuogopa debe lisilo na moto. Nzembi alipona, mguu wake haukupona.

Nzioka akapanda: Nairobi, kisha Kigali, jezi yenye jina lake mgongoni, ukumbi wenye taa kama mchana. Mashabiki wakipiga ngoma, yeye husikia debe. Akifunga kikapu, husikia debe. Watu humsifu kwa uso wake mtulivu. Si utulivu ule.

Nyumbani alirudi kila mwaka, mikono imejaa zawadi, lakini daima baada ya mavuno, shamba likiwa tupu, zamu zimekwisha. Hakuna aliyeuliza. Nzembi hakuuliza.

Mwaka huu alikuja mahindi yakiwa mabichi.

"Bwana mrefu!" Nzembi alimlaki, ameegemea fimbo. "Inama, mlango wetu hausomi magazeti."

Aliinama. Alitamani kupiga magoti kabisa. "Dada, ile jioni..."

"Ile jioni nilikulaani," Nzembi akasema, akichambua kunde. "Nilikulaani hadi sauti ikakauka. Halafu nikasikia jina lako redioni, nikapiga vigelegele. Yote mawili ni yangu. Usiniondolee hata moja."

Hakusema amemsamehe. Alikaza leso, akachukua debe, akashika njia ya shamba akichechemea. Na ile miguu mirefu inayolipwa ikimbie haikujua mwendo wa kumfuata. Siku zote alikuwa ama mbele yake, ama hayupo. Akajifunza palepale: hatua, pumziko, hatua, pumziko.

Ukingoni mwa shamba akawasha mwenge. Mbali nyikani, vumbi likainuka. Labda upepo. Labda tembo. Likapanda polepole, likalifunika jua, likawafunika na ndugu hao wawili, hata mtu wa mbali asingejua yupi mrefu, yupi kiwete.

"Unaogopa?" Nzembi akauliza.

"Naogopa."

"Vizuri. Sasa inua moto. Urefu wote huo Mungu alikupa wa nini?"