Tangi la Jikoni kwa Samruai

Mfereji wa mtaani ulikuwa umefurika na maji yamejaa jikoni hadi kifundoni, kwa hiyo Samruai alichuchumaa juu ya kreti la soda akichomelea koki ya mwisho kwenye tangi. Mkewe, Buppha, aliuinua waya wa umeme kwa mti wa ufagio usije ukagusa maji. Yake yote alikwisha kuyasema siku ile mumewe alipolikata toroli lake la kuuzia tambi.

Miaka thelathini Samruai alichomelea masufuria katika kiwanda kimoja ng'ambo ya mto, na kilipofungwa alipewa saa ya ukutani. Akaanza kupika bia kwa sufuria la tambi la Buppha. Ile ya kwanza ilinuka supu; majirani wakacheka, kisha wakaleta vikombe tena. Akaokota friji bovu, akalifufua, akalifungia kidhibiti joto cha mashine ya kutotolea vifaranga. Bia ikatulia, ikang'aa. Kila alipopika, bilauri ya kwanza aliiweka kwenye kijumba cha uani cha mzimu anayelinda kiwanja, ya pili ndiyo akaionja mwenyewe.

Hapo ndipo alipofanya jambo lililofanya uchochoro mzima umwone punguani: alikwenda mwenyewe ofisi ya ushuru, wale wale wanaokamata wapika bia wa majumbani, kuomba leseni. Alitaka kuuza bia yake mchana, mlango wazi, kama mtu na kazi yake.

Afisa Wirot alikuja kukagua. Kijana mpole, viatu alivivua mlangoni, akanywa bilauri mbili na kusifu. Kisha akaligonga sufuria kwa kidole.

"Mjomba, hiki ni kitu cha kuchezea. Nikimpelekea bosi picha ya sufuria la tambi atanicheka. Jenga kitu cha maana, ukimaliza nipigie."

Mtu wa serikali akikuita mjomba ndani ya nyumba yako, utamkatalia kwa mdomo gani? Chuma kizuri hakikuwepo ila kile cha toroli la Buppha, nalo ndilo lililokuwa likiwalisha. Samruai alimwambia leseni ikitoka atamjengea jipya, lenye mwavuli. Wiki tano walikula wali na samaki wa chumvi, na tangi likaota palepale jikoni, lita mia mbili, limenyooka kiasi kwamba hata Buppha alikuwa akilipitia kwa kitambaa.

Maji yaliposhuka Samruai akapika, akalijaza, akampigia simu Wirot.

Wirot akaja na askari sita, mpiga picha na bango. Safari hii hakuna aliyevua viatu.

"Leseni, Mjomba?"

"Si wewe ndiye unayeniletea?"

"Sufuria ningelifumbia macho. Hili ni kiwanda, na hakina leseni."

"Uliniambia nijenge."

"Nilisema ujenge. Kupika sikusema."

"Lisingepikiwa ungelikaguaje?"

Wirot alitazama saa yake. Alieleza kwa upole kwamba sikukuu zinakaribia, wakubwa wanataka kuona kazi, na kwamba akikiri mapema hakimu atamhurumia. Wakamsimamisha Samruai kando ya tangi alinyooshee kidole, kama wanavyonyoosha watuhumiwa wote kwenye magazeti. Mpiga picha akamwomba auegemeze mkono kwenye tangi.

Walipotaka kulibeba, tangi likagoma mlangoni. Samruai alikuwa amelijengea ndani, na katika furaha yake hakupima mlango hata mara moja. Mmoja akasema likatwe vipande viwili. Wirot akatikisa kichwa.

"Ushahidi haukatwi," alisema. Akaugonga ukuta wa mabati kwa kidole, uliokuwa na rafu ya vyombo na picha ya marehemu mama yake Buppha. "Hapa patapitisha."

Askari mmoja akaiwasha grenda ya Samruai, mashine yake ya kukatia chuma, ikamruka mkononi, akaitupa chini. Wakatazamana. Wirot akaiokota, akamletea mwenyewe, kwa mikono miwili kama inavyompasa mtu mzima kupewa kitu.

"Tusaidie, Mjomba. Isije ikaumiza mtu."

Buppha alianza kuteremsha sahani, moja moja. Samruai aliishika grenda, akaukagua ukuta wa nyumba yake, halafu akauliza wanataka upana gani.