Mto Ukoje Leo?

Tangu tuanze kuteremka mlima, Baba alikuwa akiniuliza habari za mto.

"Maji yakoje leo, mwanangu?"

"Yanatoa povu, Baba. Yanagonga mawe utadhani yana kesi nayo."

"Na hapo mbele?"

Nikamwambia kuna daraja, kisha kona kali, mwamba upande wake, na upande wangu vyuma vya kingo halafu korongo. Sifichi, nilifurahi. Baba aliendesha basi la shule miaka ishirini na tisa hadi akastaafu, na si mtu wa maneno. Mimi ni fundi cherehani, hata kuwasha gari sijui. Siku hiyo tulikuwa wawili tu katika gari dogo la nyumbani, tunakwenda kumchukua Mama, aliyekaa mwezi mzima kwa dada yangu akimsaidia kulea kichanga. Nikadhani uzee umemlainisha mzee, sasa anataka tupige soga.

Baada ya daraja likatokea lori la mbao, limeingia hadi upande wetu. Likapiga honi. Baba hakupunguza mwendo wala hakukwepa. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio.

"Baba, lori!"

Akakata kushoto. Kioo cha upande wangu kikakwaruza vyuma, kikang'oka, nikakiona kinaanguka majini. Lori lilitupita karibu mno, nikasikia harufu ya mbao mbichi.

"Mama yako huniambia mapema," Baba akasema, kwa kulalamika kabisa.

Hapo nikamkumbuka Mama. Mama akiwa garini hafungi mdomo: kona hiyo, punguza, kuna mbuzi, kuna mtu. Sisi watoto tumemcheka weee, mpaka tukambandika jina la Trafiki. Kumbe wajinga tulikuwa sisi.

"Baba, unaona nini mbele?"

Mto ulikuwa unanguruma chini yetu.

"Weupe," akasema. "Ukungu."

Hapakuwa na ukungu. Jua lilikuwa linawaka.

Nilitaka kupiga kelele asimame palepale, lakini kona ilikuwa mgongoni mwetu na gari lolote lingetuparamia. Basi nikaanza kumwelekeza. Kulia kidogo. Nyoosha. Polepole, Baba, nakuomba. Niliogopa hata kupepesa macho. Mkono wangu ulikuwa umeng'ang'ania mlango, kana kwamba mlango ungetusaidia tukitumbukia. Tulikwenda hivyo hadi mahali palipopanuka kushoto, watu wanaposimama kupiga picha za mto.

"Ingia kushoto. Zaidi. Simama!"

Akasimama, akazima injini. Nikagundua nilikuwa nalia.

Pikapu moja yenye watu wawili ikasimama barabarani, upande wa Baba. "Jamani, mna shida?" dereva wake akauliza.

Baba akanishika goti. "Mwambie injini imechemka," akanong'ona. "Tupumzike kidogo, imebaki kipande tu. Utaniambia njia kama ulivyoniambia sasa hivi. Usinivue nguo mbele ya watu, mwanangu."

Sijawahi kumpinga Baba, hata kimoyomoyo. Nikatazama hicho kipande kilichobaki. Kona juu ya kona, na huko chini basi la abiria lilikuwa linapanda, limejaa.

"Gari ni zima!" nikapaza sauti ili nisikike kuliko maji. "Baba yangu haoni. Mmoja wenu atuendeshee, tafadhali, atufikishe chini."

Baba aliondoa mkono wake gotini mwangu. Nilitamani anigombeze, anitukane hata. Yule dereva akateremka, akazunguka kwa mbele na kuja dirishani kwangu, akasema taratibu kwamba ataendesha yeye, na mwenzake atatufuata na pikapu.

Kwa kelele za mto Baba hakumsikia. Alichomoa ufunguo, akautoa nje ya dirisha lake, upande usio na mtu, akangoja mtu aupokee.