Mke wa Pili wa Po Thit

Po Thit alikufa kwa homa ya msituni katika kambi yake ya magogo, nje kidogo ya Lampang, na majivu yake yalikuwa hata hayajapoa, askari wa konsuli wa Waingereza akafika kutia lakiri kwenye mlango wa nyumba yake. Po Thit alikuwa Mburma wa Moulmein, raia wa Waingereza. Aliishi katika nchi ya Siam, akakata mitiki ya Siam, lakini alipogombana na mtu, aliyemhukumu ni konsuli, na alipokufa aliyechukua funguo zake ni konsuli huyohuyo.

Mjane wake, Bunpan, mzaliwa wa Lampang, hakukubali kukaa nje ya mlango wake mwenyewe. Alimchukua mjomba wake wakaenda kwa karani wa mtawala wa mji. Karani aliwasikiliza huku akitafuna majani yake ya chai ya kuvundikwa, kisha akatikisa kichwa.

"Mama, mimi nikuambie nini? Mtu mwenye karatasi ya Waingereza, hata maiti yake ni yao. Ningekuwa mimi ningekwenda kumlilia konsuli."

Basi kesi ikaja kwa konsuli, aliyeshuka kutoka Chiang Mai na tembo wawili wa mizigo na mkalimani mmoja mwenye maneno mengi. Na shahidi mkubwa wa kesi ile alikuwa San Hlaing.

San Hlaing alikuwa mnyapara wa kambi. Zaidi ya hayo, alikuwa shemeji wa marehemu, kwa kuwa mke mkubwa wa Po Thit, Ma Thet, aliyebaki Moulmein na watoto, alikuwa dada yake wa tumbo moja. Miaka yote ile alikula kwa Bunpan. Alipougua kuhara, Bunpan ndiye aliyemnywesha maji ya wali kwa kijiko. Bunpan alimwita shemeji naye akaitika, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja kabla ya kesi Bunpan alimkuta mtoni akiosha tembo wa marehemu wa kuvuta magogo.

"Shemeji, kesho utasema tu unachokijua, eti?"

"Nitasema nini tena, zaidi ya hicho?"

"Basi nimeshukuru. Mimi na hawa wazungu hatuelewani, wewe ndiye mdomo wangu."

Aliondoka ametulia. San Hlaing akabaki anasugua mgongo wa tembo mahali palepale, mpaka yule mnyama akageuza kichwa kumtazama.

Alikuwa akimfikiria dada yake. Ni yeye San Hlaing aliyemshawishi Po Thit avuke mipaka kutafuta mitiki; ni yeye aliyemwambia Ma Thet, "Utarudishiwa mume na mali." Mume hakurudi. Ikiwa na mali itakatwa nusu ibaki huku, atamtazamaje? Palikuwa na jambo jingine chini ya hilo, ambalo hakulikabili vizuri. Tembo wote wakiwa wa Ma Thet, msimamizi wao angekuwa yeye, naye hangekuwa na mtu wa kumuuliza.

Mahakama ilikuwa baraza la nyumba ya kupanga. San Hlaing alipiga magoti, wakamwekea kitabu cha kiapo kichwani, na mkalimani akamsomea laana za mtu asemaye uongo: aumwe na nyoka, avutwe na mamba, azame, apigwe radi, asife kifo cha kitandani. Kule kambini walikuwapo wanaume wazima waliokubali kushindwa kesi kuliko kuwekewa kitabu kile.

Konsuli, kijana mwenye macho mekundu ya malaria, aliuliza polepole. Alikuwa ameisoma sheria. Kwa Waburma ndoa haina karatasi wala padri. Mume na mke hujulikana kwa kuishi pamoja hadharani na kula sahani moja.

"Uliwahi kuwaona marehemu na mwanamke huyu wakila sahani moja?"

Bunpan alikuwa ameketi mkekani chini ya ngazi, amevaa nguo yake nzuri. Hata hakuwa na wasiwasi. Alikuwa akimfukuza nzi.

"Hapana," San Hlaing akasema. "Alikuwa mpishi. Alipakua, akala jikoni."

"Shemeji!" Bunpan akapaza sauti. Neno hilo moja tu.

Konsuli akainua uso. "Amesema nini?"

"Amemwita shemeji, bwana," mkalimani akajibu, kisha akamgeukia San Hlaing kwa Kiburma, macho yanamcheka. "Kaka, huko kwenu wapishi huwaita watu shemeji?"

"Ni mazoea tu ya kambini."

Konsuli akaandika kwamba Bunpan si mke. Jioni ile lakiri ilivunjwa achukue vitu vyake, Bunpan akatoka katika ile nyumba na mkeka wake, vyungu vyake na kitanda cha kufumia nguo, mjomba akimsaidia kubeba. Majirani walisimama kuangalia. San Hlaing alijificha nyuma ya zizi mpaka walipopita. Moyo wake ulimwambia atoke, miguu haikutoka.

Baadhi ya tembo waliuzwa, na San Hlaing akatumwa apeleke fedha kwa mrithi. Safari ile ya milimani alikuwa ameizoea, lakini safari hii kila kamba iliyolala njiani ilimrusha kando. Penye mto Salween aliwaacha wenzake wavuke kwanza, akashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili macho yamefumbwa. Wachuuzi wa Kishan, watu wa milima ile aliosafiri nao, wakamtania.

"Mnyapara, leo umekuwa bibi harusi?"

Hakuna mamba aliyetoka. Alifika Moulmein mzima, na uzima ule ulimwelemea kuliko ambavyo ugonjwa ungemwelemea.

Ma Thet alilia kilio chake cha mume, akamwandalia kaka yake wali na samaki, kisha akauliza, "Na yule mama wa kule? Fungu lake amelipata bila usumbufu?"

San Hlaing akarudisha tonge sahanini. "Unamjua?"

"Nisimjue vipi? Mume wangu hakuwa mwongo. Hii nguo niliyovaa kaifuma yeye; kila kiangazi huwapa wachuuzi waniletee. Mimi humpelekea samaki wa kuvundika, anasema wa kwao hawana ladha. Haya, amepata?"

Akamwambia. Hakupamba neno. Alipofika kwenye neno "mpishi" dada yake alimwekea mkono mbele ya uso kama anayemziba mdomo.

"Mpishi? Bunpan?"

"Nilifanya kwa ajili yako, dada. Wewe na watoto."

"Usinitwishe mimi! Mimi wivu wangu nilikaa nao miaka, nikaumaliza peke yangu humuhumu ndani. Nani alikutuma? Ulitaka uamrishe tembo pasipo mwanamke wa kukuuliza, San Hlaing. Sema hivyo, angalau nikusikie."

San Hlaing aliangalia mikono yake.

"Utarudi," Ma Thet akasema. "Na mimi nakuja, maana sikuamini tena."

Walivuka na wachuuzi wa ng'ombe, ndugu wawili wasiosemezana. Huko Chiang Mai konsuli alimsikiliza San Hlaing mpaka mwisho, uso ukizidi kuwa mwekundu.

"Unajua hayo unayosema yanakupeleka jela?"

"Najua, bwana."

"Basi kwa nini usingenyamaza? Nilikwisha piga muhuri!"

Jela yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya mabanda ya farasi wa konsuli. Ma Thet alimletea chakula siku ya kwanza, kisha akashuka Lampang kumtafuta mke mwenzake. Hukumu ilifunguliwa upya. Tembo waliokwisha uzwa hawakurudi, wala nyumba, kwani Mshan mmoja alikuwa ameinunua kihalali na kuhamia. Walibaki tembo jike watatu na magogo yaliyokuwa yakisubiri maji ya mto. Wanawake hao wakaamua kutogawana, wakaendesha kazi pamoja, Bunpan akiwa msituni na Ma Thet akitafuta wanunuzi sokoni Moulmein.

San Hlaing alipofunguliwa alikwenda mtoni, akamkuta Bunpan akipima magogo. Akapiga magoti kwenye matope, akagusa ardhi kwa paji la uso. Bunpan alimwacha hapo mpaka akamaliza kupima gogo lake.

"Inuka. Nguo zinachafuka."

"Nimekiri yote, mama. Kila neno."

"Umekiri wapi?"

"Kwa konsuli."

"Kwa konsuli. Mbele ya mzungu, mkalimani na farasi. Mimi ulinivua heshima hapa Lampang, watu wamesimama wanaangalia, nimebeba vyungu. Wanawake wa sokoni wananiita Mama Mpishi. Konsuli atawakataza?"

Siku ya soko San Hlaing alisimama katikati ya wauza chai na wauza mboga, akapaza sauti, akasema yeye alikula kiapo cha uongo, Bunpan alikuwa mke halali wa Po Thit, hajawahi kuwa mpishi wa mtu. Baadhi walisikiliza. Wengine walidhani amelewa. Bibi mmoja akamwambia kama hanunui asogee, anamzibia wateja. Alirudia soko lililofuata, na la baada yake, mpaka watoto wakawa wanamuigiza.

Jina halikutoka. Halikusemwa tena kwa ubaya. Lilishakuwa jina tu. Bunpan alitajirika nalo. Wanunuzi wa magogo waliokuja toka mbali waliulizia kwa Mama Mpishi wakaonyeshwa njia, nao hawakujua lilikotokea.

San Hlaing aliajiriwa na tajiri mwingine, ng'ambo ya mto. Habari za Bunpan alizipata kwa dada yake, alipokuja kila kiangazi, na Ma Thet alimpa chache. Mara kwa mara mgeni hupotea njia akafika kambini kwake, akauliza, "Samahani mzee, kwa Mama Mpishi ni wapi?"

San Hlaing humwambia, "Anaitwa Bunpan." Kisha huacha kazi yake, akamsindikiza mgeni mpaka kwenye kivuko, naye haendi zaidi ya hapo.