Figo ya Mama Pacha

Fundi makochi ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji alikuwa na mwaka wa tatu akiishi na figo aliyopewa na mdogo wake, Mama Pacha, na mwezi wa saba akiishi na usaha kwenye matundu ya ndani ya mifupa ya uso, kando ya pua. Kila asubuhi aliinamia beseni, akaosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Yalitoka mazito, ya kijani, yenye harufu ambayo yeye mwenyewe hakuisikia tena. Mkewe aliisikia, akajifanya hakuna kitu.

Antibayotiki alishameza za kila rangi. Uso ukitulia wiki mbili, wiki ya tatu maumivu yanarudi kugonga nyuma ya jicho. Karakana aliiacha kwa sababu ya vumbi la makochi makuukuu. Wenzake walimtania kwamba siku hizi kazi yake ni kuyakalia tu. Alicheka nao, kisha akaenda kulala, kichwa kimefungwa kitambaa.

Daktari hakupindisha maneno. Alimweleza kwamba dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo ndizo zilizoufunga mikono mbele ya bakteria, na picha zilionyesha mfupa wa karibu na jicho umeanza kulika. Dozi ingepunguzwa. Figo huenda isihimili.

Sponji alijikokota hadi kwa Mama Pacha, akamkuta anamenya viazi. Alivuta kigoda, akaketi kando yake.

"Wanapunguza dawa," alisema. "Figo yako inaweza kufa."

"Si yangu, kaka. Nilishakupa."

"Ningejua, nisingekubali ukatwe."

"Na mimi ningekatwa tu." Kisu kilisimama. "Ila sina nyingine ya kukupa."

Dozi ikapunguzwa. Maumivu ya nyuma ya jicho yalikwisha, na kwa siku kumi na moja Sponji alinusa sabuni, gundi, hata shingo ya mkewe. Halafu miguu ikaanza kuvimba. Mvua zilipokatika alikuwa amerudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki.

Siku ya kwanza Mama Pacha alimsindikiza, akaketi kando yake, akamfunika miguu kwa khanga. Tundu la kushoto la pua lilikuwa limeanza kuziba tena. Sponji aligeukia ukutani ili mdogo wake asimwone akihema kwa mdomo.