Majani Mekundu ya Mandawa

Eusebio mimi sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sikuficha. Mtu anayeamkia wakubwa kupitia dirisha la gari, injini ikiunguruma, si wa kupewa binti wa watu. Lakini dada yangu, mama yake Dorotea, aliona pikapu akadhani ameona mkwe. Mahari ikapokelewa, tangazo la ndoa likasomwa kanisani Nachingwea Jumapili mbili, na mimi, mama mdogo mtu, nikaambiwa nifunge mdomo.

Ilikuwa Agosti, mwaka 2002. Eusebio alikuwa na duka la vipuri mjini, na ukutani alitundika kalenda ya Ulaya yenye picha ya mume na mke wa Kizungu wanachekeana chini ya miti ya majani mekundu na ya manjano. Akataka kadi za harusi yake ziwe hivyo hivyo. Akaulizia ni wapi kwetu majani hubadilika vizuri wakati wa kiangazi, na kila aliyeulizwa akasifia kwao. Mwisho akapanga safari ya siku mbili: Naipingo, kisha Nambilanje kule Ruangwa, na kumalizia Mandawa, kwa kaka yangu Severini. Akamkodi Twaha, mpiga picha wa stendi. Mimi nikatumwa kumsindikiza mwali kwa kuwa ndoa ilikuwa bado. Wao watatu walikaa mbele, na mimi nikapandishwa nyuma kwenye bodi pamoja na tairi la akiba.

Naipingo, sitasema uongo, palipendeza. Miombo ya kule mlimani ilikuwa imeanza kutoa majani mapya yenye rangi ya shaba, na mengine makavu yalidondoka taratibu njiani. Ungekaa chini ukatazama tu na roho yako ikatulia. Eusebio hakutazama. Alimsimamisha Dorotea juani, mara huku, mara kule, inua kidevu, cheka, si hivyo, cheka kama mtu aliyefurahi. Binti amevaa gauni la kuazima na viatu vya kisigino kwenye mawe. Nilipoomba apumzike kidogo, Eusebio alisema kazi ya kupiga picha haihitaji wazee.

Nambilanje tulikuta wawindaji wameshapitisha moto. Mlima mzima ulikuwa majivu, na majani yaliyobaki mitini yalikuwa yameungua. Mtu mwingine angecheka akageuza gari. Eusebio alimgeukia Dorotea akasema watu wa kwao ni washenzi wanaochoma hata kitu kizuri, kana kwamba yeye ndiye aliyewasha kiberiti. Akalazimisha picha ipigwe hapo hapo. Majivu yakamwingia Dorotea machoni akayafumba, na Twaha akasema picha imeharibika. Eusebio akamzaba binti kibao cha shavuni mbele yetu, halafu akacheka ili tuone ni mzaha.

Nilishuka kwenye bodi sijui hata nimeshukaje. Nikamwambia akirudia nitamng'oa huo mkono.

"Wewe mama, haya hayakuhusu," alinijibu. "Huyu ni mke wangu."

"Bado," nikasema.

Jioni tulifika Mandawa. Nilikwenda kisimani na Dorotea, na huko ndiko aliponiambia kuwa hataki kuolewa. Hakulia. Alisema mara ya kwanza Eusebio kumpiga ilikuwa mwezi wa tano, na kwamba alipomwambia mama yake, aliambiwa wanaume wote ndivyo walivyo mpaka wazae. Akasema angekimbia, lakini akikimbia mama atabaki kusemwa kwa mahari aliyokwisha kupokea na tangazo lililosomwa kanisani. Nikamjibu kwamba angalau kwa mjomba wake bado kuna mlango, na ni mmoja tu.

Sisi Wamwera ukoo tunaufuata kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Kaka Severini husali kanisani kila Jumapili, lakini hajawahi kumwoza mpwa wake bila kuwauliza waliotangulia. Huwauliza penye msolo. Huo ni mti usio na makuu mwaka mzima, ila kiangazi majani yake huiva yakawa mekundu kama pilipili kabla ya kudondoka. Chini yake humimina unga taratibu mpaka usimame kama kichuguu kidogo, kisha huufunika kwa chungu na kuuacha ulale. Asubuhi huufunua. Ukiwa umesimama, mizimu imekubali. Ukiwa umeporomoka, imekataa, na hapo mahari hurudishwa bila mtu kumlaumu mtu.

Jua lilipokuwa linazama Severini aliumimina, akawaita marehemu wetu kwa majina. Eusebio alialikwa akabaki ndani ya gari akisikiliza redio. Kaka hakukasirika. Alimwendea mwenyewe akamwambia kwa upole kwamba asubuhi asikanyage penye msolo kabla yake. Eusebio akaitikia, ndiyo mjomba, bila kupunguza sauti ya redio.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alfajiri Twaha alisema hajawahi kuona majani kama yale, na jua likichomoza yatawaka, hivyo wawahi. Eusebio akamwamsha Dorotea akamvuta mkono mpaka kwenye msolo. Nikawafuata nikiwakataza njia nzima. Na kweli majani yaliwaka. Mti wote ulikuwa mwekundu, na chini kumetandikwa mekundu mengine, na katikati chungu cheusi.

Chungu hicho ndicho kilichomkera. Alisema kinaharibu picha, akakiinua.

Unga ulikuwa umesimama. Ulikuwa mweupe, umechongoka, haukupoteza hata chembe. Niliuona mimi, akauona na Dorotea. Nilimtazama mwanangu usoni nikaona amekufa. Mizimu ilikuwa imemkubali yule mwanamume, na nilichukia, siwezi kusema vinginevyo. Niliwachukia wafu wangu mwenyewe.

Eusebio alicheka, akasema si mnaona. Akamsimamisha Dorotea, akamkumbatia kiunoni, akarudi hatua nyuma ili matawi yaonekane, na kisigino chake kikatua juu ya unga. Ukasambaratika wote kwenye majani. Akamwachia binti akamwambia apige magoti aukusanye haraka, aurudishe kama ulivyokuwa. Dorotea hakusogea. Akamshika shingo kumwinamisha, na hapo ndipo kaka Severini alipotokea na wazee wawili.

Mkono ukatoka shingoni upesi. Eusebio akawa mtu mwingine, mpole, mwenye shikamoo. Akaeleza kwamba aliinua chungu kwa kutojua, wakaukuta unga umesimama vizuri kabisa, mizimu imekubali, kisha akaukanyaga kwa bahati mbaya. Na yote yalikuwa kweli, isipokuwa hilo la kutojua. Akaomba tuulizwe sisi tuliokuwepo.

Kaka alimtazama Dorotea muda mrefu.

"Mwanangu, mliukutaje?"

Dorotea akauonyesha unga kwa kidole. "Tuliukuta umeanguka, mjomba."

Eusebio akamwita mwongo, akainua mkono, akakumbuka yuko mbele ya nani, akaushusha. Kaka akanigeukia mimi.

"Umeanguka," nikasema. "Umeporomoka wote. Hata mimi nilishangaa."

Akabakia Twaha, ambaye alilipwa na Eusebio na alikuwa bado hajamaliziwa ujira wake. Eusebio alimshika bega akamwambia aseme alichokiona. Twaha akafunga kamera yake polepole.

"Mimi nilikuwa naangalia majani," akasema.

Kaka Severini akakichukua chungu akakigeuza juu chini, akamwambia Eusebio kwamba mahari itarudi Nachingwea kabla ya mvua na kwamba hakuna ugomvi. Eusebio alitutukana sote, akatukana na mti, akaondoka na gari bila mpiga picha wake.

Tukirudi nyumbani Dorotea alinishika mkono akaniuliza kama wale wa kaburini watatusamehe kwa kuwasingizia. Nikamwambia wengi walioitwa jana kwa majina ni bibi zake, na wote waliwahi kuolewa.