The Family: Has au Have?

…has au have, mwalimu alijiuliza, vidole vimemganda juu ya vitufe, mwalimu mzima wa Kiingereza, miaka kumi na tisa ya kula vumbi la chaki, leo kakwama kwenye kineno kama hiki, The family, halafu nini, daktari mgeni wa upasuaji anasubiri barua ili Jumatatu amkate baba mguu, na kaka mkubwa kasimama nyuma ya kiti anahema, "Andika tu familia imekubali, dada, mbona unatuchelewesha?"… has basi, familia kitu kimoja, mdomo mmoja, ndivyo anavyofundisha, kundi likitenda kwa pamoja lipe kitenzi cha umoja, wakiwa kila mtu na lake, Waingereza wenyewe huweka have, na mwaka fulani binti wa dawati la mbele alinyoosha mkono, mwalimu, tutajuaje kama wako pamoja kweli au wamenyamaza tu, darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka, akafuta ubao, akaendelea na somo… na humu ndani je, "Unanisikia lakini?" "Nakusikia, kaka, ngoja kidogo," kaka amekubali, huyo tangu juzi, mama amekubali huku analia, mdogo wao amekubali kwa simu, akasema haya, akakata simu, yeye mwenyewe aliitikia kwa kichwa tu, na kwa Kiswahili unasema familia imekubali, imekubali, kama meza vile, haina masikio ya kuulizwa, lakini have inataka watu, mmoja mmoja, na hapo hesabu ikamgomea, wanne, mbona wanne… wa tano yuko chumba cha pili, mlango wazi, anasikiliza mpira redioni, mguu wenyewe kaulaza juu ya mto, wiki nzima wameujadili kwa kunong'ona kama kitu kisicho na mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza, angesema nini, ghafla akatamani kujua, wala si kwa ajili ya barua, mzee mbishi vile, anayebishana hata na mtangazaji, angesema kateni, au angesema niacheni nao, hajui, ajabu, miaka yote hii ni baba yake na hajui… kishale cha skrini kikawakawaka palepale, baada ya family, kaka akainama kusoma, "Kwani umekwama wapi?" "Kwa baba," akasema.