Wa Dunia na wa Husna

Shemeji yangu Faraji ana ugonjwa wa kuhesabu watu. Kwenye simu yake kuna ukurasa unaoonyesha idadi ya watu wa dunia nzima, tarakimu zinakimbia bila kupumzika: waliozaliwa leo, waliokufa leo. Akitoka shamba, hata mikono hajanawa, anaufungua. "Shemeji Mwaija, njoo uone, tumeongezeka tena!" Tumeongezeka, nani? Mahindi hayajapaliliwa, yeye yuko bize kupokea wageni wa China.

Sasa muulize yeye ana watoto wangapi. "Wapo tu, Mungu anawajua." Huku Kwedizinga ndivyo tulivyolelewa, watoto hawahesabiwi, na mimi mila siikatai. Ila kwa Faraji ilizidi. Mkewe Husna, ambaye ni mdogo wangu, aliwahi kumwambia mwanamke mmoja bombani kwamba sasa ana wanne. Wiki hiyo hiyo kichanga kikafa. Mama mkwe wake akasema, "Si umewahesabu? Ndiyo hayo." Baadaye akafa mwingine, ambaye hakuna aliyemhesabu, lakini hilo halikusemwa na mtu. Tangu hapo Husna akiulizwa habari za watoto anainamisha kichwa.

Safari hii uchungu ulimshika asubuhi. Tukakodi gari mpaka hospitali Korogwe, na kwa zile haraka kadi ya kliniki tukaiacha kitandani. Nesi, dada mmoja anaitwa Joyceline, akamuuliza, "Mama, hii ni mimba ya ngapi?" Husna akafumba macho. Nesi akamgeukia Faraji.

"Wapo tu nyumbani," Faraji akasema.

"Baba, siulizi kwa umbea. Aliyezaa mara nyingi anaweza kutokwa damu nyingi, lazima nijiandae."

Faraji akarudia yale yale. Simu ilikuwa mkononi, na ule ukurasa wake umefunguka, tarakimu zinakimbia. Aisee, hasira zikanipanda.

"Watu bilioni nane unawahesabu, wa mkeo wanakushinda?"

"Wale si wangu, shemeji," akasema taratibu. "Hawa ndio wangu. Wakinitoka tena, nani atanirudishia?"

Nilimhurumia, sisemi uongo. Lakini huruma haizuii damu. Nikamwambia nesi, "Hii ni ya saba. Wanne wako hai, wawili tumewazika. Na yule wa mwisho alimzalia nyumbani, damu ikamtoka mpaka akazimia." Faraji akasema, "Astaghfirullah," akatoka nje.

Nesi hakupoteza muda. Akamtundikia dripu, akaagiza damu iletwe karibu, akamwita daktari. Mtoto wa kike akatoka salama, analia kwa nguvu, na damu ikafuata kama nilivyohofia. Walihangaika na Husna mpaka adhuhuri ikapita. Mimi niko kwenye benchi najiambia, akifa huyu, ni mimi niliyemhesabia watoto. Ule ujanja wangu wote ulikwisha. Niliogopa kuliko Faraji.

Damu ikakata. Alasiri wakaniruhusu kuingia, nikamkuta amefumbua macho, mtoto yuko ubavuni.

"Dada, uliwaambia wangapi?"

Nikajua sasa nasomewa mashtaka. "Saba, pamoja na huyu."

"Na wale wawili uliwaweka kwenye hesabu?"

"Niliwaweka."

Akaanza kulia. "Tangu wafe hakuna mtu aliyewaweka," akasema. "Majina yao uliyasema?"

"Hawakuuliza majina, mdogo wangu."

Basi akaanza kuyataja mwenyewe, kwa sauti, kuanzia wa kwanza. Faraji alikuwa amesimama mlangoni, nami nikangoja amnyamazishe. Husna akataja wa pili, akataja wa tatu. Alipofika wa nne, yule kichanga, jina likamkwama, akajaribu tena, likakataa.

Faraji ndiye aliyelitaja.